Springi Mpya Bila Wili Alaimenti ni Kazi Nusu, na Anayelipa ni Mkulima



Najua wapo watakaouliza: bwana shamba na magurudumu ya Fuso wapi na wapi? Si aandike ya mnyauko wa migomba na mbegu za maharage? Hayo nimeandika na nitaendelea kuyaandika. Lakini mazao yetu hayaliwi shambani. Maharage ya Rulenge, ndizi za Bugarama na mahindi ya Nyakahura na Kalenge yanapata bei pale yanapofika sokoni, na yanafika juu ya lori. Lori likila tairi, mwenye lori hafidii kutoka mfukoni mwake. Anapandisha nauli ya gunia, mchuuzi anashusha bei ya shambani, na wewe uliyelima unabaki unashangaa kwa nini bei ya Mwanza iko juu na ya kwako iko chini. Kwa hiyo suala hili ni letu.

Msimamo wangu ni huu. Fundi akishagusa sehemu ya mbele ya gari, yaani springi, bushi, kingi pini, tairodi endi au ekseli yenyewe, kazi haijaisha mpaka magurudumu yamepimwa na kunyooshwa. Asiyepima hajamaliza kazi, na asilipwe kama aliyemaliza.

Tunavyofanya sasa

Barabara zetu tunazijua. Njia ya lami kutoka Lusahunga kupitia Nyakahura hadi Benaco na Rusumo imebebeshwa malori ya Rwanda na Burundi miaka mingi, na ukitoka kwenye lami kuingia vijijini ni changarawe, makorongo na madaraja ya miti. Springi zinakatika, bushi zinakwisha, kingi pini zinalegea. Gari linapelekwa kwa fundi chini ya mti, springi inabadilishwa, yubolti zinakazwa, utingo anapiga teke tairi, na safari inaanza jioni ileile kwa sababu mzigo unasubiri.

Siku chache baadaye dereva anasema gari linavuta upande. Mwenye gari anajibu, "Suka, shika usukani vizuri." Mwezi haujaisha, bega la nje la matairi ya mbele limekuwa kipara wakati katikati kashata bado ni nzima. Hapo dawa inayotolewa ni kugeuza matairi, la kushoto liende kulia, au kuyapeleka nyuma na kuleta ya nyuma mbele. Hiyo si dawa. Ni sawa na kuhamisha mahindi kwenda ghala lingine wakati fukusi wamo ndani ya magunia. Matairi mazima uliyoyaleta mbele yatakwenda njia ileile.

Kwa nini tairi linaliwa

Matairi mawili ya mbele yanatakiwa kuangalia mbele kwa pamoja. Kwa malori mengi ya springi na ekseli moja ngumu, kiwanda kinataka ncha za mbele za matairi zikaribiane kidogo kuliko za nyuma, milimita chache tu, mara nyingi kati ya 0 na 4. Sababu ni kwamba gari likitembea, matairi ya mbele yanasukumwa kufunguka nje kidogo, na uwazi mdogo wa tairodi na beringi unaliwa. Kipimo sahihi cha gari lako kimo kwenye kitabu chake.

Sasa tuseme kipimo kimekosewa kwa milimita 10. Ni kitu kidogo, upana wa kidole. Lakini tairi la lori lina kimo cha karibu mita moja. Kosa la milimita 10 likigawanywa kwa matairi mawili, kila moja limepinda milimita 5 katika kila mita. Maana yake, kila mita moja gari linapokwenda mbele, tairi linaburuzwa milimita 5 kwenda upande. Kwa kilomita moja ni mita 5. Kwa safari ya kilomita 300, kila tairi la mbele limeburuzwa kwa ubavu kilomita moja na nusu, likiwa na mzigo juu yake. Chukua kandambili, uikanyage kwa uzito wote, uiburuze kwenye lami kilomita moja na nusu, halafu uangalie soli yake. Hicho ndicho kinachotokea, na injini inachoma dizeli ya ziada kufanya kazi hiyo ya bure.

Kazi ya springi inaletaje kosa hilo? Kwa njia kadhaa. Springi mpya ina mgongo wa juu kuliko ya zamani iliyolala, kwa hiyo ekseli inakaa mahali tofauti na zamani. Fundi akiongeza jani upande mmoja tu, gari linainama. Senta bolti ikikosa tundu lake, au ikiwa imekatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Tairodi endi mpya isipozungushwa idadi ileile ya mizunguko kama ya zamani, urefu wa tairodi umebadilika. Na kingi pini mpya inaondoa uchezaji uliokuwepo, hivyo kipimo cha zamani kilichowekwa kufidia uchezaji huo hakifai tena. Hakuna muujiza hapo. Ukibadilisha kiungo, pima upya.

Hesabu ya mfukoni

Tufanye mfano, kila mtu aweke bei zake mwenyewe. Chukua jozi ya matairi ya mbele kwa shilingi 1,200,000. Yakienda kilomita 40,000, kila kilomita imegharimu shilingi 30. Yakifa kwenye kilomita 15,000 kwa sababu ya kuliwa upande, kila kilomita imegharimu shilingi 80. Tofauti ni shilingi 50 kwa kilomita. Safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 600 imekula shilingi 30,000 ambazo hazikununua kitu, hazikumlipa dereva, hazikumlipa mkulima. Hiyo ni kwa safari moja, kabla ya kuhesabu dizeli na kabla ya tairi kupasuka usiku porini huku ndizi zinaiva juu ya gari.

Sasa linganisha na saa moja ya fundi mwenye chaki, msumari, futi ya utepe na spana. Mwenye gari anayesema hana hela ya alaimenti tayari anailipa. Anailipa kidogo kidogo kila safari, na anatugawia sisi sehemu ya bili.

"Alaimenti ni ya magari ya mjini"

Nimesikia hoja tatu dhidi ya jambo hili, na si za kijinga.

Ya kwanza ni kwamba mashine za kompyuta ziko mbali, Mwanza au miji mingine mikubwa, na gari haliwezi kupelekwa huko kila springi inapokatika. Ni kweli. Lakini lori lenye ekseli moja ngumu ya mbele halihitaji kompyuta ili kupimwa jambo kubwa linalokula tairi. Pembe ya tairi kusimama na pembe ya kingi pini zimetengenezwa na ekseli yenyewe, hakuna nati ya kuzirekebisha. Kinachorekebishwa na fundi ni urefu wa tairodi, na hicho kinapimika kwa futi ya utepe. Wenye pikapu ndogo zenye mikono na boljointi mbele, kila gurudumu na lake, hao habari yao ni nyingine. Hapo pembe zote zinabadilika ukigusa bushi au boljointi, na mashine ni lazima. Upange safari hiyo siku unayokwenda mjini kwa shughuli nyingine, na uendeshe taratibu mpaka hapo.

Hoja ya pili ni kwamba barabara itaharibu tena wiki ijayo. Hapana. Shimo peke yake halibadilishi urefu wa tairodi. Kipimo kikihama kila wiki, kuna kitu kimepinda au kimelegea, na hiyo ni habari muhimu kuliko tairi. Tairodi endi iliyolegea inaweza kuchomoka. Ikichomoka kwenye mteremko wa kushuka Rusumo, usukani unabaki mikononi mwa dereva kama sufuria isiyo na jiko. Kwa hiyo kupima kunakuonyesha hatari mapema.

Hoja ya tatu ni ya mafundi wenyewe: mteja hataki kulipia. Hii nayo ni kweli, na hapa lawama ni yetu. Tunabishana na fundi kuhusu shilingi 10,000 ya kupima, halafu tunanunua tairi la laki kadhaa bila kubishana.

Namna ya kupima bila mashine

Nawaandikia hatua hizi ili mwenye gari ajue fundi anatakiwa kufanya nini, hata kama hatafanya mwenyewe.

1. Anza na ulegevu. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka magogo imara au stendi, na kuzuia magurudumu ya nyuma. Kamwe mtu asilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, tikisa. Kisha kushoto na kulia, tikisa. Ikicheza, tafuta: beringi, kingi pini au tairodi endi. Rekebisha kwanza. Kupima gari lenye viungo legevu ni kupima upepo.

2. Weka upepo sawa matairi yote mawili ya mbele, na matairi yawe ya saizi moja.

3. Hakikisha ekseli imekaa mahali pake. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele hadi katikati ya kitovu cha nyuma, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana sentimita moja au zaidi, usiguse tairodi. Angalia senta bolti, yubolti na bushi za springi, za mbele na za nyuma. Ekseli ya nyuma iliyohama inasukuma gari kwa ubavu, na hakuna tairodi itakayoponya hilo.

4. Chora mstari. Tairi likiwa hewani, paka chaki katikati ya kashata, zungusha tairi huku umeshikilia msumari palepale bila kutikisika. Utapata mstari mmoja mwembamba uliozunguka tairi lote. Fanya hivyo matairi yote mawili.

5. Shusha gari, lisukume mbele mita chache kwenye sehemu tambarare ili springi na matairi yakae. Usilirudishe nyuma baada ya hapo.

6. Pima umbali kati ya mistari miwili kwa nyuma ya matairi, usawa wa katikati ya kitovu. Kisha pima kwa mbele, usawa uleule. Kipimo cha nyuma toa cha mbele, na jibu ndilo unalolitafuta. Cha mbele kikiwa kidogo, matairi yanaangalia ndani. Kikiwa kikubwa, yanaangalia nje.

7. Legeza nati za kubana tairodi, zungusha bomba lake, pima tena. Kwa malori ambayo tairodi iko nyuma ya ekseli, kuirefusha kunasukuma matairi yaangalie ndani, kuifupisha kunayafungua nje. Ukishapata kipimo cha kitabu, kaza nati, sukuma gari, pima mara ya mwisho.

8. Usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, rekebisha draglinki. Usichomoe usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Ukifanya hivyo macho yanaridhika, lakini stelingi boksi haiko tena katikati, na gari litakata kona upande mmoja vizuri na upande mwingine vibaya.

9. Jaribu barabarani. Kumbuka barabara zetu zimeinama kuelekea mtaroni na sisi tunaendesha kushoto, hivyo gari kuvutwa kidogo sana kushoto ni kawaida. Likivuta kwa nguvu, au likivuta kulia, rudi kwa fundi. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na vitovu. Kimoja kikiwa na moto kuliko mwenzake, breki inashika au beringi imebanwa mno.

10. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza yubolti tena. Springi mpya hujilaza, na yubolti iliyokuwa imekaza jana leo inacheza. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Mambo mawili ya kukataa

La kwanza ni kupiga moto. Wapo wanaopasha ekseli au tairodi kwa gesi ili kuinyoosha, au kuichomelea ikipata ufa. Vyuma hivi vimetengenezwa kwa namna maalumu ili viwe na nguvu, na moto wa gereji unaiondoa nguvu hiyo bila kuonekana kwa macho. Tairodi iliyopinda inabadilishwa. Hili halina mjadala, kwa sababu juu ya mzigo wako huwa wamekaa watu, hata kama hawatakiwi kukaa hapo.

La pili ni kuongeza majani ya springi mbele ili gari libebe zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu ekseli ya usukani isizidi tani 8, hata springi zako zikiwa nene kama mlango. Na kabla ya sheria, lori dogo limewekewa na kiwanda kikomo cha chini zaidi ya hapo. Jani la ziada haliongezi nguvu ya kingi pini, beringi wala breki. Linahamishia kuvunjika mahali pengine tu.

Nani afanye nini

Wenye magari, lipeni kwa awamu mbili. Sehemu ya kwanza springi ikishafungwa, sehemu ya pili baada ya kupimwa na kujaribiwa. Fundi aandike kwenye daftari: tarehe, kilichobadilishwa, kipimo kabla na kipimo baada. Daftari la shilingi elfu moja linamaliza ugomvi wa "mbona nilikutengenezea vizuri".

Mafundi, uzeni kazi nzima kwa bei moja. Msimuulize mteja kama anataka kupimiwa. Mwambieni bei ya kubadilisha springi ni hii na kupima kumo ndani. Fundi anayerudisha gari likiwa limepimwa hatakosa wateja, kwa sababu madereva wanaongea.

Wachuuzi, vikundi na AMCOS mnaokodi magari, kabla ya kupakia piteni mbele ya lori na mpapase matairi. Telezesha kiganja juu ya kashata kutoka nje kuelekea ndani, kisha kutoka ndani kuelekea nje. Njia moja ikiwa laini na nyingine inakwaruza kama msumeno, gari hilo halijanyooshwa. Ikiwa laini kuelekea ndani, matairi yanaangalia ndani mno. Ikiwa laini kuelekea nje, yanaangalia nje. Mwambieni mwenye gari mapema, siyo mnapokwama Nyakanazi saa saba usiku na nyanya zinavuja. Na kwenye makubaliano ya kukodi, hata ya karatasi moja, andikeni kwamba gari lililofanyiwa kazi ya mbele litakuja na kipimo chake. Gari bovu barabarani ni kosa pia chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, lakini msingoje trafiki awafanyie kazi yenu ya kukagua.

Vikundi mlionunua gari kwa hisa, ninyi ndio nawaombea zaidi. Gari la wengi halina macho. Mteueni mtu mmoja, apewe daftari na futi ya utepe, na asiruhusu gari kuondoka gereji bila namba mbili zimeandikwa: ya mbele na ya nyuma.

Tunahangaika sana kupata shilingi 50 zaidi kwa kilo ya maharage. Tunapanda kwa mistari, tunachagua mbegu, tunakausha kwenye turubai badala ya chini. Halafu faida yote hiyo inasuguliwa kwenye lami kati ya Ngara na soko, kwa sababu hakuna aliyechora mstari wa chaki. Shamba tunalipima kwa kamba kabla ya kupanda. Tulipime na gari linalobeba mavuno yake.